Kasoro Tano za Kifuniko Changu

Jumatatu, 8 Septemba

Siku njema! Msimamizi wetu wa maabara amepata kazi kwingine, na kiti chake kiko wazi. Wakati wa mapumziko nimekwenda kukikalia kidogo. Kinanitosha. Kina magurudumu.

Mama Profesa ametuita mimi na Kobe. Kobe ni mwenzangu kazini, na jina hilo nimempa mimi moyoni mwangu. Anatembea polepole, anazungumza polepole, na kila kitu anakipima mara mbili kama mtu asiyeyaamini macho yake mwenyewe. Mmoja wetu ndiye atakayekuwa msimamizi. Mama Profesa amesema hataki maneno, anataka kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kiwanda kinachotengeneza sufuria za presha, yale madude makubwa ya jikoni hospitalini na kwenye shule za bweni. Baadhi ya vifuniko vinapasuka kabla ya wakati wake. Tumegawiwa kifuniko kimoja kimoja. Tukitazame kwa hologramu, tuseme kama kina kasoro, iko wapi, na inakifanya nini chuma mvuke unapokisukuma kutoka ndani. Ijumaa kila mmoja ataeleza mbele ya Mama Profesa na mbele ya mwenye kiwanda.

Naandika hapa namna kazi inavyokwenda, maana siku moja wajukuu wangu wataisoma shajara hii na wasije wakadhani babu yao alikuwa mpiga picha wa arusi. Unakiangazia kifuniko kwa leza, unakipiga picha kwenye kioo maalumu. Kisha unakipuliza hewa kwa ndani. Kinavimba, lakini kidogo mno, jicho halioni wala mkono haugundui. Unapiga picha ya pili juu ya kioo kilekile. Hizo picha mbili zikikutana zinachora mistari, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Chuma kikiwa kizima, duara zimetulia. Penye ufa uliojificha chuma kinavimba zaidi, na mistari inapinda au inajizungusha pembeni peke yake. Ufa usiouona kwa macho unajitangaza wenyewe.

Sharti ni moja tu: utulivu. Chochote kikitikisika, picha imekufa. Kwa hiyo meza inaelea juu ya mifuko ya hewa, kiyoyozi kinazimwa, na aliye chumbani anakaa kama maiti. Kobe alizaliwa kwa kazi hii. Mimi nilizaliwa kwa uongozi.

Tena nina sababu. Shangazi, aliyenilea na ambaye bado naishi kwake, amekataa katakata kwenda kuniposea nesi wangu mpaka niwe na cheo cha kutamkika. Anasema hawezi kwenda kwa watu wazima kuwaambia mwanawe kazi yake ni kushika tochi. Sishiki tochi! Nashika leza. Nesi mwenyewe anasema vyeo havimhusu, yeye anataka mtu asiyemficha kitu. Nimemwambia mtu huyo ndiye mimi.

Jioni nimempasha shangazi kwamba cheo kimeshapatikana, imebaki karatasi tu. Amepiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kajifungua. Keshatuma salamu kwa wakwe. Tunakwenda Jumapili.

Kwa hiyo lazima nishinde kabla ya Jumapili. Hakuna tatizo. Penye nia pana njia.


Jumanne, 9 Septemba

Leo zamu ya Kobe mezani. Mpango wangu: mtetemo.

Nimeiweka simu yangu isilie, itetemeke tu. Asubuhi, kabla Kobe hajafika, nimeibandika kwenye mguu wa meza kwa utepe wa gundi. Kisha nimekwenda kwa mlinzi getini kuazima simu yake. Taa nyekundu juu ya mlango ilipowaka, nikajua Kobe yumo ndani anapiga picha, nami nikaanza kupiga. Nikapiga, nikapiga, nikapiga tena. Mlinzi akauliza nampigia nani asiyepokea namna hiyo. Nikasema mchumba. Akanihurumia mpaka akanipa kiti chake nikae.

Kobe ametoka na picha safi kama maji ya mtungi.

Nimekaa kuwaza imekuwaje, na jibu limenijia nikiwa chooni. Meza inaelea. Mguu unaweza kucheza ngoma mpaka asubuhi, meza haina habari. Ndiyo maana ya kuelea. Na aliyeisimika ile meza, akahakikisha hakuna mtetemo wa kupanda, ni mimi mwenyewe. Kazi nilifanya vizuri mno, tena siku hiyo Kobe alikuwa likizo!

Halafu Kobe akanijia na simu yangu mkononi. Amesema ameikuta mguuni mwa meza ikinguruma, akaona inaita "Nesi", akaipokea asije dada wa watu akapata wasiwasi. Amesema nesi anasalimu sana, yuko zamu wiki nzima, na ameacha ujumbe kwamba mjomba wake anakuja Ijumaa, kwa hiyo nijiweke sawa.

Mjomba gani? Aje wapi? Mimi si mtoto. Huu ni mtego. Anataka Ijumaa nihangaike stendi kumsubiri mjomba wa kubuni, yeye ajieleze peke yake mbele ya Profesa. Nimemwambia ujumbe umefika, nikamkonyeza ajue nimemgundua. Naye akanikonyeza, polepole. Kimya kingi kina mshindo mkuu, huyu mtu si wa kuachiwa hivihivi.


Jumatano, 10 Septemba

Zamu yangu. Kwikwi.

Nilikuwa nimekaa kimya, pumzi nimebana, kidole kiko kwenye swichi, na kwikwi ikanijia kutoka kusikojulikana. Sijawahi kushikwa na kwikwi kazini. Picha ya kwanza ikafa. Nikanywa maji, nikarudi. Mara hii nikaikumbuka sura ya shangazi akitamka "msimamizi" mbele ya wakwe, na kicheko kikanitoka puani. Picha ya pili ikafa. Mama Profesa amekitazama kioo changu kwenye mwanga, akaniuliza kwa upole kama nimepiga picha gunia la mkaa.

Picha ya Kobe imetundikwa ukutani. Kitunguu kizuri, duara zimetulia, ila kwa pembeni, pale mpini ulipochomelewa, mistari imebanana na kujikunja kama jicho dogo. Mama Profesa ameisifu mbele yangu. Amesema hapo chini ya chuma kuna ufa, na mvuke ukisukuma, nguvu yote inashindwa kupita penye ufa, inazunguka na kurundikana kwenye ncha zake, kama watu kwenye mlango mwembamba. Hapo ndipo kifuniko kitapasukia. Kobe akaongeza kwamba angependa kurudia kipimo ili awe na hakika. Mama Profesa akafurahi zaidi.

Nimeitazama ile picha kwa muda. Kasoro moja. Siku mbili mtu anahangaika, anabana pumzi, anavaa ndara za kitambaa, halafu analeta kasoro moja! Kama kumshinda ni kwa hesabu, basi mimi nahitaji kasoro mbili tu. Nikipata tatu, kiti ni changu na Kobe ataniletea chai.


Alhamisi, 11 Septemba

TANO!

Mwandiko mbaya mniwie radhi, ni furaha. Nieleze kwa utaratibu.

Chumba kilikuwa baridi kama kaburi, kiyoyozi kilikuwa kimenguruma tangu alfajiri kabla ya kuzimwa. Nikasimama kwanza kwenye korido na kikombe cha chai ya moto, nimekikumbatia kwa mikono miwili mpaka damu ikarudi kwenye vidole. Nikaingia. Picha ya kwanza, safi, hakuna kwikwi. Nikakipuliza kifuniko hewa. Sasa ikabaki kusubiri kila kitu kitulie kabla ya picha ya pili.

Hapo roho ikanijaa. Katika ile nuru hafifu ya taa ya kijani nikakisogelea kifuniko, nikakiwekea kiganja katikati, vidole vimetanuka, kama mtu anavyomtuliza mtoto mwenye homa. Nikakiambia kwa sauti ya chini kwamba mimi na yeye ni ndugu, tumeteseka pamoja tangu jana, asiniangushe. Mkono nikauacha pale mpaka nikahisi tumeelewana. Kisha nikarudi kitini haraka, nikabana pumzi, nikapiga.

Nikakiosha kioo, nikakitazama kwenye mwanga. Kasoro tano! Na si kasoro za ovyoovyo. Nne zimejipanga safu moja, ndefu na nyembamba, mojawapo ya zile za kati ikiwazidi wenzake kwa urefu. Ya tano ni fupi na nene, imejitenga upande mmoja na kuelekea kwingine kabisa. Chini yake kuna uvimbe mpana unaoziunganisha zote, kama ukoo mmoja. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona kasoro zenye mpangilio wa akili namna hii.

Kobe amekitazama kioo changu. Amekitazama sana. Kisha akanitazama mimi, usoni, halafu chini, mikononi. Akaniuliza polepole kama kwa bahati mbaya nilikigusa kifuniko. Wivu huo! Nikamjibu kwamba kila mtu na riziki yake. Akasema ndugu yangu, muda upo, piga nyingine, nitakushikia mlango. Nikakifunga kioo kwenye shati langu la akiba na kukitia mfukoni mwa begi. Mtu akishaanza kukuonea huruma, ujue umemshinda.

Nimemaliza ripoti. Nimeeleza kwamba kasoro hizi, kwa jinsi zilivyopangana, haziwezi kuwa za bahati mbaya. Kiwandani lazima kuna mtambo wenye meno matano, manne marefu na moja fupi, unaovishika vifuniko vikiwa bado vya moto na kuviumiza. Nimependekeza mwenye kiwanda autafute mtambo huo, ausimamishe mara moja, na autupe.

Nimelala kidogo na kioo kando ya mto. Shangazi ameuliza ni nini. Nimemwambia ni ile karatasi ya cheo, ila ya kioo.


Ijumaa, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie mwanzo.

Mwenye kiwanda ni mtu mnene mwenye miwani myembamba na vicheko vya karibu. Nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri, halafu akaanza maswali. Nimelelewa na nani? Shangazi yangu hajambo? Nakunywa pombe? Nikikasirika hufanya nini? Nikaona haya ni maswali ya ajabu kwa mtu wa vifuniko, lakini nikamjibu kwa heshima. Kobe alikuwa nyuma yake akinifanyia ishara za macho. Nikampuuza.

Kobe akatangulia. Ufa mmoja, hapa, mkazo unarundikana hapa, kuchomelea kubadilishwe hivi. Akakaa. Nilimwonea huruma kwa ufupi wa maelezo yake.

Nikasimama mimi. Picha yangu ikarushwa ukutani kwa projekta, kubwa kama mlango. Nikasema waheshimiwa, mwenzangu amewaletea kasoro moja, mimi nimewaletea tano. Nikaeleza zile nne ndefu. Nikaeleza ya tano, fupi na nene. Nikaeleza uvimbe wa chini. Nikafika kwenye mtambo wenye meno matano. Ukumbi ulikuwa kimya, nikadhani wamezama katika hoja. Mama Profesa alikuwa amevua miwani na kufumba macho.

Kisha nikaunyoosha mkono kuwaonyesha ile ndefu kuliko zote, na kivuli cha mkono wangu kikaangukia picha.

Kikakaa. Vidole vinne juu ya vinne. Gumba juu ya gumba. Kiganja juu ya uvimbe. Hakikubakiza wala hakikuzidi.

Nilibaki hivyo, mkono hewani, nikiutazama. Nadhani ningekuwa bado nimesimama pale kama mwenye kiwanda hangecheka. Kicheko kilianzia tumboni. Kikapanda. Akavua miwani, akajishika ubavu, akasema kwa shida kwamba huo mtambo wa meno matano anao kiwandani, tena anao mingi, na kila mmoja unadai mshahara.

Mama Profesa akaniuliza kama ilikuwa chai au kahawa. Nikasema chai. Akatupeleka maabara, akatuambia tukae kama maiti, akapiga picha upya ya kifuniko changu, bila mkono wa mtu. Kitunguu safi. Duara zimetulia ukingo hadi ukingo. Kifuniko changu ni kizima kabisa, kuliko mimi. Akaeleza kwamba joto la kiganja lilikuwa limekivimbisha chuma pale nilipogusa, kiasi kidogo sana, lakini leza haina huruma. Ndiyo maana kipimo kinarudiwa, alisema. Joto huondoka, kasoro hubaki palepale. Alisema hivyo akinitazama mimi, si kifuniko. Kisha, bila kukohoa wala kupumua, akamtangaza Kobe kuwa msimamizi wa maabara.

Kobe alikuja kunipa mkono. Aliniambia pole, na alikuwa anamaanisha, hiyo ndiyo iliyoniuma.

La ajabu ni mwenye kiwanda. Akijifuta machozi alisema kwamba alikuja hapa haamini mambo ya leza, lakini kama chombo kinaweza kuuona uvuguvugu wa mkono ulioshaondoka, basi nyufa zake hazina pa kujificha. Vifuniko vyake vyote vitaletwa kwetu. Mlangoni akaushika mkono wangu, akaugeuza, akakitazama kiganja kama mtu anayekumbuka kitu kitamu. Akasema tutaonana Jumapili.

Nikamuuliza Kobe huyu amejuaje habari za Jumapili. Akaniambia polepole: huyo ndiye mjomba.


Jumamosi, 13 Septemba

Maji yamezidi unga. Shangazi amepiga pasi nguo yake nzuri na amewaambia majirani wa pande zote mbili. Anaimba. Anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha kabati, na neno "msimamizi" limo mara tatu.

Ningeweza kumwambia ukweli. Nililifikiria hilo nikipiga mswaki, nikaona kuna njia bora zaidi: homa. Mgonjwa hapelekwi kuposa. Tukiahirisha wiki mbili, huenda Kobe akateleza bafuni, au Mama Profesa akabadili moyo, nani ajuaye.

Nikajifunika mablanketi, nikaguna. Shangazi akaingiwa na hofu kubwa na akampigia nani? Nesi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nesi akaja moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu kwa uchovu, na mkoba wake. Akaniwekea kipimajoto kwapani, akatoka kuongea na shangazi. Kando ya kitanda palikuwa na kikombe cha chai. Nikakichovya kipimajoto humo.

Aliporudi alikitazama kipimajoto, akanitazama mimi. Akasema kwa kipimo hiki nilifariki jana. Akanishika mkono, akasema homa sina, ila mikono yangu ndiyo daima moto kama pasi. Hakuuachia. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Lolote. Amesema hana haraka.

Nikasema hakuna. Labda niongezewe blanketi.

Alikaa kidogo zaidi, akasimama, akasema basi tutaonana kesho. Hakutabasamu. Yeye hutabasamu hata kwa wagonjwa wanaomtukana.


Jumapili, 14 Septemba

Sebule yao ina viti vizuri na dari la mbao. Dari nimelijua vizuri sana leo.

Wazazi wa nesi walikuwepo, mjomba katikati yao kama jaji aliyeshiba, na nesi karibu na mlango. Shangazi akasimama. Lazima niseme ukweli, alizungumza vizuri. Akaeleza alivyonichukua nikiwa mdogo, nilivyokuwa nikifungua redio zake na kushindwa kuzifunga, na kwamba leo hii yule mtoto ndiye msimamizi wa maabara nzima ya leza.

Mjomba akakohoa.

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Basi mjomba akasimulia. Hakuacha kitu. Chai, kiganja, ukoo wa kasoro, mtambo wa meno matano, kivuli. Alisimama kuonyesha nilivyounyoosha mkono. Baba mkwe alicheka hadi akamwaga maji. Mama mkwe aliuficha uso kwa mtandio. Wote walicheka isipokuwa wawili. Nesi hakucheka, na shangazi hakucheka. Shangazi alisema tu njia ya mwongo ni fupi, akauchukua mkoba wake sakafuni, akawaomba radhi wenyeji kwa kuwapotezea muda, akaanza kuelekea mlangoni. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Sijawahi kumwona hivyo, hata alipofiwa.

Niliogopa. Naandika bila utani. Niliogopa kwa sababu niliona kwamba mlango ule ukifungwa, nimemwaibisha aliyenilea na nimempoteza ninayempenda, kwa siku moja.

Nesi ndiye aliyemshika shangazi mkono. Akamwambia mama, kaa kwanza. Kisha akasema mbele ya wote kwamba mjomba alimsimulia yote tangu Ijumaa jioni, na kwamba jana alikaa kitandani pangu akisubiri nimwambie mwenyewe, na nikamwomba blanketi. Alisema ilimuuma. Alisema alikwenda nyumbani akiwa ameamua kukataa.

Halafu akasema alipofika nyumbani akakikumbuka kipimajoto, na akaanza kucheka peke yake, na hakuweza kuacha. Amesema wodini anakutana na waongo kila siku, na wanaomtisha ni wale wasioacha alama. Wanaapa wamekunywa dawa na anaamini, wanasema hawana mke na anaamini. Lakini huyu, akaninyooshea kidole, akidanganya huacha vidole vyote vitano. Akasema: hata akitaka kunificha kitu hataweza. Mimi nilitaka mtu asiyenificha, na asiyeweza kunificha ni bora zaidi, kwa sababu huyo hachoki kuwa wazi.

Mjomba akasema hilo nalo neno.

Shangazi akaketi. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza hotuba upya toka mwanzo, na alipofika kwenye cheo akasema mwanangu anashika tochi. Na wakakubali. Wamekubali! Nesi akanipa sharti moja: hila mwisho leo. Nikainua mkono kuapa, na nyumba nzima ikaanza kucheka tena, hadi shangazi.

Nilimsindikiza nesi hadi uani. Nilimwambia nampenda. Alisema anajua, hilo nalo linaonekana.


Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka mapema nikiwa na moyo mweupe, nimeketi kuyatafakari yote kwa utulivu, kama mtu mzima.

Ukiyatazama kwa haki, mambo yamekwenda kama nilivyopanga. Nilitaka nesi, nimempata. Nilitaka shangazi aende kwa wakwe, amekwenda. Kiwanda kimeleta vifuniko vyake vyote kwetu, na hakikuvileta kwa sababu ya kasoro moja ya Kobe. Kilivileta kwa sababu ya zangu tano. Kobe mwenyewe amekiri hivyo leo. Amenifanya niwe mtu wa kuwaonyesha wageni chombo kinavyofanya kazi: nitakiwekea kifuniko mkono, nao watauona ukutani. Ana moyo mzuri, yule mtu, lakini uongozi hauwezi. Kesho anaanza kupima vifuniko vipya mbele ya Mama Profesa, na mimi nina mpango mdogo tu, wa kumsaidia Mama Profesa aone hivyo mapema.

Nimejiuliza kwa uaminifu kosa langu lilikuwa wapi, nisije nikalirudia. Limenichukua asubuhi nzima, lakini nimelipata.

Nimempigia nesi hospitalini, nikamwomba aniletee glavu jozi mbili. Ameniuliza za nini. Nikamwambia mikono yangu inasikia baridi. Akacheka sana, akasema ataleta. Nadhani ameamini.